Suruali Isiyofupika

Mimi ni fundi cherehani. Yapata miaka ishirini na mmoja sasa nimekaa katika baraza moja, karibu na soko la Majengo hapa Dodoma, na sehemu kubwa ya riziki yangu hutokana na sare za shule. Kazi hii humfunza mtu mambo ya watoto ambayo pengine hata mwalimu hayatambui upesi. Kila Desemba na Januari akina mama huja na watoto wao, na maneno yao ni yale yale: "Fundi, hebu tazama, suruali ya juzi tu imempanda juu ya vifundo! Huyu mtoto atanimaliza." Mimi hucheka, nikampima mtoto, nikaandika inchi zake katika daftari, kisha nikashona na kuacha pindo nene kwa ndani ili mwakani lifumuliwe.

Kwa muda mrefu nilijihesabu mwenye bahati, kwa kuwa mwanangu wa kiume hakunitia hasara hiyo. Suruali niliyomshonea Januari 2021 aliivaa mwaka huo, akaivaa 2022, akaivaa na 2023. Ilimchakaa magotini kabla ya kumfupika, na lile pindo nililoliacha halikufumuliwa kamwe. Nikamwambia mama yake, tena kwa kujisifu, kwamba huyu kweli ni mtoto wa fundi, anajua bei ya kitambaa. Neno hilo hunirudia usiku mpaka leo.

Katika nyumba nyingi nguo za watoto hushuka: za mkubwa huenda kwa mdogo. Kwetu zilianza kupanda. Binti yetu wa mwisho, aliyezaliwa miaka miwili na nusu baada ya kaka yake, alimfikia kwa kimo akiwa na miaka mitano. Mwaka uliofuata akampita. Sweta lililombana binti likawa linamtosha kaka mtu. Kijana hakusema neno. Alilipokea, akalikunja, akaliweka chini kabisa ya sanduku lake, na wakati wa baridi ya Juni, ambayo wakazi wa Dodoma mnaijua, akawa anakwenda shule na shati peke yake.

Hatukukosa maelezo. Mimi si mrefu, na baba yangu hakuwa mrefu. Mama mkwe wangu, anayeishi Kongwa, alikuwa na maelezo yake: mtoto alirukwa. Watu wazima walimruka akiwa amelala mkekani, na aliyemruka hakurudi kumruka tena kwa upande wa pili ili amfungue. Bibi huyu anampenda mjukuu wake mno. Humwita "mume wangu", na kila likizo alimlaza mkekani akamruka huku na huku, kijana akicheka. Nami sikumzuia. Baba mmoja jirani akanishauri nimning'inize kwenye tawi la mwembe asubuhi na jioni. Hilo pia tulilifanya, nasi tukapata mtoto mwenye viganja vigumu.

Shuleni walimwita Nukta. Wengine walimwita Mbilikimo. Alikuwa wa kwanza au wa pili katika hesabu, lakini siku ya kupiga picha ya darasa la nne mpiga picha alimshika mkono akamwelekeza kwa watoto wa chekechea. Hata hivyo, lililomuumiza zaidi halikuwa shuleni. Msomaji unayepanda daladala unajua desturi yetu njema: mtoto mdogo hapewi kiti, hupakatwa. Kijana wa miaka kumi, mwenye mfuko wa madaftari na maoni yake juu ya timu ya Dodoma Jiji, alikuwa akinyanyuliwa na wanawake asiowajua na kuwekwa mapajani, nao wakimwuliza mama yake yuko wapi. Walikuwa wakimtendea wema. Yeye akaacha kupanda daladala. Kwa miezi mitatu alitembea kwa miguu kutoka shule hadi nyumbani, na nauli akairudisha kwa mama yake kila Ijumaa bila ya kueleza sababu.

Ndipo mke wangu alipompeleka kwenye kituo cha afya. Mhudumu alimtazama mtoto, akauliza tunaishi wapi na wazazi wetu wametoka wapi, kisha akasema kwamba huo ni udumavu, lishe duni, na akaeleza namna ya kupika uji wa lishe. Mke wangu alirudi amefura. Hakukasirikia uji. Alikasirishwa na maana iliyokuwa ndani ya maneno hayo: kwamba yeye mama hakumlisha mwanawe. "Chungu ni kimoja," aliniambia, "mlenda ni mmoja, karanga ni zile zile, maziwa nagawa kwa kikombe kimoja. Mbona hawa wawili wanarefuka?"

Swali hilo lilikuwa ndilo swali lenyewe, ila hatukujua wakati ule.

Simlaumu sana yule mhudumu. Aliona kile ambacho kwetu huonekana kila siku. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano nchini wamedumaa. Idadi hiyo imekuwa ikipungua, maana mwaka 2010 walikuwa 42 na katika uchunguzi wa 2015 na 2016 walikuwa 34. Lakini bado ni kubwa. Katika nyanda hizi za kati, ambako mvua ni ya msimu mmoja na haina ahadi, wazee wetu wameijua njaa kwa majina. Hata nafaka iliyopatikana huweza kuwa na hila: mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota katika mahindi yasiyokauka vizuri, na wataalamu wanaihusisha sumu hiyo na kudumaa kwa watoto pia. Mtoto aliyedumaa kwa sababu hizo hahitaji sindano ya mtu yeyote. Anahitaji chakula bora tangu akiwa tumboni mwa mama yake, maji safi, na nafaka iliyokaushwa na kutunzwa vizuri. Na huhitaji hayo mapema, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa mtoto mfupi wa kwetu, mwenye kudhani ni udumavu atapatia mara nyingi. Shida ni yule mmoja ambaye kwake ameshindwa kupatia, kwa sababu baada ya jibu hilo hakuna anayeuliza tena.

Miezi ikatupita hivyo. Uji ulipikwa, kijana akaunywa. Nakiri pia kwamba nilinunua mkebe wa unga kutoka kwa mtu aliyekuwa akitangaza "dawa ya kurefusha" kwa simu. Ulikuwa mtamu, ulinuka vanila, na watoto wote watatu waliufurahia. Hakuna unga wa namna hiyo unaomwongezea mtu kimo, nami nilipaswa kujua, maana mtu huyo mwenyewe nilipokutana naye stendi alinifikia begani.

Mwanzoni mwa 2024 mteja wangu mmoja, muuguzi, alikuja kupima gauni, akamwona kijana akiwa anakata nyuzi. Akauliza yuko darasa la ngapi. Nilipomjibu, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nimpeleke kwa daktari wa watoto katika hospitali ya rufaa, wala nisikubali kupewa jibu kabla ya mtoto kupimwa kimo mara mbili kwa kuachanisha miezi.

Daktari tuliyemkuta alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alimvua kijana viatu, akamsimamisha kwenye ubao, visigino vikigusa ukuta. Sentimita 113. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miezi minane. Daktari akachora nukta katika chati na kuniambia kwamba hicho ni kimo cha mtoto ambaye hajatimiza miaka sita. Halafu akasema jambo ambalo ningependa wazazi wenzangu mlisikie kama nilivyolisikia.

"Baba, kimo cha leo hakiniambii mengi. Kuna watoto wafupi ambao ni wazima kabisa. Wamerithi, au watachelewa kubalehe na baadaye watawafikia wenzao. Ninachotaka kujua ni mwendo wake. Mwaka jana alikuwa na kimo gani? Na mwaka juzi?"

Mke wangu alitoa kadi ya kliniki. Ilikuwa imejazwa vizuri, lakini ilikoma alipotimiza miaka mitano, kama zinavyokoma kadi zote. Tangu siku hiyo hapakuwa na mtu aliyempima mtoto wetu kimo. Daktari akashusha kalamu. Akasema tungoje miezi sita, tupime tena.

Hapo ndipo nilipokumbuka daftari.

Niliomba ruhusa, nikapanda bodaboda mpaka Majengo, nikarudi na madaftari manne yenye mafuta ya cherehani. Suruali, Januari 2021: inchi 24 na nusu. Januari 2022: inchi 25. Januari 2023: inchi 25 na nusu. Nusu inchi kwa mwaka. Daktari alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka, akaomba nimwonyeshe pia vipimo vya watoto wengine wa rika lake. Nilimfungulia kurasa: wengi waliongezeka inchi moja na robo, moja na nusu, mwaka baada ya mwaka. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, katika kurasa zilizotazamana, watoto wa watu wakikua na wangu akiwa amesimama.

Alinieleza. Mtoto mchanga huongezeka kiasi cha sentimita 25 katika mwaka wake wa kwanza, nusu ya hizo katika mwaka wa pili, na kuanzia miaka minne hivi hadi anapokaribia kubalehe huongezeka sentimita 5 au 6 kila mwaka. Anayepungua chini ya 4 lazima atazamwe. Pia akapima kimo changu na cha mke wangu, akajumlisha, akaongeza 13 kwa kuwa mtoto ni wa kiume (kwa binti hupunguzwa 13), akagawa kwa mbili. Ikatoka sentimita 169. Huko ndiko mtoto wetu alikotazamiwa kuelekea, kwa wastani. Kwa mwendo wake wa wakati ule asingefika hata karibu.

Vipimo vilivyofuata sitavieleza vyote. Damu ilichukuliwa kutazama kama ana ugonjwa wa figo, upungufu wa damu, au udhaifu wa tezi ya shingo, maana tezi hiyo ikilegea mtoto huacha kukua, na dawa yake ni kidonge cha bei nafuu; nilimwomba Mungu iwe hiyo. Haikuwa hiyo. Daktari alisema angekuwa binti, angetafuta pia hitilafu moja ya kromosomu inayompata msichana mmoja kati ya 2,000 au 2,500, ambayo dalili yake pengine huwa ni ufupi tu, nayo hugunduliwa kwa kuchelewa mno. Kijana alipigwa picha ya eksirei ya kiganja cha kushoto. Mifupa, msomaji, ina umri wake, nao si lazima ulingane na umri wa kuzaliwa. Mifupa ya mwanangu ilikuwa ya mtoto wa miaka sita.

Tukaandikiwa kwenda Muhimbili. Ilikuwa Agosti 2024, na treni mpya ya umeme ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kufika Dodoma. Safari ambayo mimi utotoni niliisafiri usiku kucha tuliimaliza kwa muda usiotimia saa nne. Kijana alikaa dirishani, kwenye kiti chake mwenyewe, hakuna aliyempakata. Nadhani kwake hiyo ndiyo ilikuwa ajabu ya treni, zaidi ya mwendo wake.

Madaktari wa watoto wanaojua mambo ya homoni walikuwa adimu sana upande wetu wa Afrika. Tangu mwaka 2008 wamekuwa wakifundishwa Nairobi katika mpango ulioanzishwa kwa ajili ya nchi nyingi za bara hili, na Watanzania wamo miongoni mwao. Tulipokelewa vizuri. Niliambiwa kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, na kazi yake mojawapo ni kutoa homoni ya ukuaji. Homoni hiyo huliamuru ini litoe homoni nyingine, na hiyo hufika kwenye ncha za mifupa mirefu ambako mfupa huongezeka. Kwa kuwa tezi huitoa kwa vipindi, zaidi usiku mtoto akiwa usingizini, damu ya mara moja haitoshi kuhukumu. Mtoto hufungishwa chakula, hupewa dawa ya kuichokoza tezi, na damu huchukuliwa mara kadhaa kwa saa kadhaa. Ya mwanangu ilichokozwa mara mbili kwa siku mbalimbali. Haikuitika. Picha ya ubongo ilionyesha tezi ndogo kuliko kawaida, bila ya uvimbe. Nasi tulishukuru kwa kukosekana uvimbe.

Upungufu huu humpata mtoto mmoja kati ya elfu kadhaa. Makadirio huwa kati ya mmoja kwa 4,000 na mmoja kwa 10,000. Daktari alisisitiza kwamba homoni hii haihusu urefu peke yake. Inahusu misuli, mafuta ya mwili, na sukari ya damu. Mke wangu akakumbuka usiku fulani wa utoto wake alipotetemeka na kutoka jasho hata tukadhani ni malaria. Nilimwuliza daktari pia juu ya jina lile la Mbilikimo. Akaniambia kwamba watu wa msitu wa Ituri, huko Kongo, ambao jina hilo hutupiwa, si wagonjwa. Homoni hii wanayo damuni kama watu wengine, isipokuwa miili yao huipokea kwa namna nyingine. Nilimweleza kijana jambo hilo tukiwa njiani kurudi. Akasema: "Basi wananitukana kwa jina la watu wazima." Sikujua kama alikusudia wazima wa afya au wazima wa umri.

Dawa ipo. Ni homoni yenyewe, hudungwa chini ya ngozi kila usiku, kwa miaka, mpaka ncha za mifupa zikaribie kufunga. Nilipouliza kwa nini isingojwe hadi tujipange, daktari alinitazama, akaliona daftari mkononi mwangu, akaniuliza kuhusu pindo. Nikamweleza: unaacha kitambaa ndani, unakifumua mtoto akirefuka, kikiisha, suruali haina tena la kuongeza. Akasema mifupa ni hivyo hivyo. Lile pindo bado lipo, lakini balehe ikipita litakuwa limeshonwa moja kwa moja, na hapo hata dawa ya kujaza chumba haiongezi kitu.

Mama mkwe aliposikia habari ya sindano alipiga simu usiku. Alikuwa ameambiwa na mtu kwamba dawa hiyo hutolewa katika vichwa vya maiti. Nilitaka kumkemea kwa adabu, lakini nikaona ni afadhali niulize kwanza, na jibu likanishangaza: bibi alikuwa na haki, ila alikuwa amechelewa miaka arobaini. Mwaka 1958 daktari mmoja wa Boston, Maurice Raben, alitangaza kwamba amemkuza kijana kwa homoni iliyokamuliwa katika tezi za watu waliokufa. Kwa zaidi ya robo karne dawa ilipatikana hivyo tu, na tezi nyingi zilihitajika kwa mtoto mmoja. Kisha mwaka 1985 ikagunduliwa huko Marekani kwamba baadhi ya waliotibiwa wamekufa kwa ugonjwa wa ubongo usio na tiba, ulioingia pamoja na dawa. Ikasimamishwa. Ufaransa peke yake waliokufa kwa njia hiyo walizidi 100. Mwaka huo huo wa 1985 ndipo ilipoidhinishwa Marekani homoni inayotengenezwa maabara kwa bakteria waliopandikizwa maagizo yake, na hiyo ndiyo inayotumika hadi leo. Haikutoka kwa maiti yeyote. Nilimweleza bibi yote hayo kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mkwe, hao wa kwanza nao waliambiwa ni salama." Sikuwa na jibu la kumtosha. Nilimtajia yale tuliyotakiwa kuyaangalia: maumivu makali ya kichwa, kuchechemea, sukari. Tuliahidi kuyaangalia.

Sasa niseme habari ya fedha. Dawa ya mwezi mmoja ilizidi faida ya cherehani zangu mbili kwa miezi mitatu, na bima tuliyokuwa nayo haikuigusa. Tena kipimo hufuata uzito: mtoto akikua, dawa huongezeka. Kijana alikuwa amesikia habari za Messi, aliyegunduliwa na upungufu huu huu akiwa mtoto huko Rosario, Argentina, akajidunga kila usiku, hata klabu ya Barcelona ikakubali kubeba gharama. Leo ana sentimita 170 hivi na dunia nzima inamjua. Ni habari njema kwa mtoto kuisikia. Mimi nilisikia sehemu ile ya klabu.

Nilikuwa na kiwanja Nala, nilichokinunua kwa bei ya kutupa kabla ya Serikali kuhamia Dodoma. Baada ya 2016 kilipanda thamani kila mwaka kama kwamba kina chachu. Kiwanja hicho kilikuwa na mwenyewe: binti yetu wa kwanza, tuliyemwahidi kukiuza amalizapo kidato cha nne ili aende chuo cha uuguzi. Alikuwa amemaliza. Tukaketi wote watano, jioni, baada ya chakula. Nilieleza kama nilivyoelezwa. Binti mkubwa alitazama chini kwa muda, kisha akasema, "Kama ni kungoja, mimi nitangoja." Kesho yake akaanza kuuza vocha na vifaa vya simu katika duka la jirani, na yuko huko mpaka leo. Sijui, msomaji, kama jioni ile nilimwomba au nilimlazimisha. Mtu akiulizwa na baba yake mbele ya ndugu yake anayeteseka, anaweza kujibu nini? Na kuna saa ambapo nimejiuliza kama sentimita za mmoja zina haki ya kula elimu ya mwingine. Mke wangu hataki swali hilo lizungumzwe nyumbani.

Kijana hakuwa amesema neno. Niliposimama, akauliza: "Nikidungwa, nitampita huyu?" akimwonyesha mdogo wake. Nikamjibu kwamba daktari hakuahidi. Akasema, "Basi tuanze."

Tulianza Oktoba 2024. Dawa hutakiwa kukaa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, wala isigande. Sisi hatuna friji. Mama muuza mtindi, mlango wa tatu kutoka kwetu, ametupa rafu ya chini katika friji lake, hataki malipo, na umeme ukikatika hutuma mtoto mbio, nami hutoka na kasha la barafu hata kama ni saa saba za usiku. Wiki za kwanza nilimdunga mimi, paja la kulia leo, la kushoto kesho. Mkono unaopitisha sindano katika kitambaa mchana kutwa ulitetemeka. Mwezi wa pili akaninyang'anya ile kalamu ya sindano, akasema ninachelewa sana, na tangu hapo anajidunga mwenyewe.

Katika mwaka wa kwanza ameongezeka sentimita 9 na nusu. Amefika 123 na nusu. Bado ni mfupi kuliko watoto wote wa darasa lake, na mdogo wake bado amemzidi. Daktari ametuonya kwamba mwendo wa mwaka wa kwanza huwa ndio wa kasi, kisha hupungua. Lakini Septemba iliyopita alirudi nyumbani kwa daladala. Aliingia, akatupa mfuko, akasema kwa sauti ili sote tusikie kwamba konda amemdai nauli. Mama yake alidhani ni malalamiko, akaanza kumtetea. Mimi nilimwona uso wake.

Fedha ya kiwanja imebaki ya miezi minne. Daktari anasema tukisimama alichokipata hakitapotea, ila atarudi katika mwendo wake wa zamani, na pindo lingalipo kwa miaka kadhaa. Sare za Januari nimeanza kuzikata. Jana nilimpima: inchi 28 na robo, nikaacha pindo la inchi mbili. Jumamosi anakuja mtu kuitazama cherehani yangu ya pili.